Malkia Wawili wa Bweranyange

Mwezi uliopita tulimzika Ma Yustina, na mimi nikaombwa kusema maneno machache. Waliniita "msomi wetu." Nilisimama katikati ya migomba yake nimevaa suti niliyoinunua kwa ajili ya mahafali, nikasema mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyasema juu ya mwanamke yeyote aliyekufa: kwamba alikuwa mkarimu, alikuwa mcha Mungu, alinitunza kama mwanawe. Watu waliitikia kwa miguno ya heshima. Mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono baadaye akasema, "Umesema vizuri, mwanangu. Elimu inaonekana." Haikuonekana elimu. Iliyoonekana ni suti. Tangu nilipopata digrii nimezoea kusifiwa na watu wasiojua wanachokisifu, na nimezoea pia kuwadharau kimoyomoyo huku nimeinamisha kichwa kama mnyenyekevu. Siku ile dharau ilikosa pa kwenda. Iliwazunguka waombolezaji wote, mmoja mmoja, kisha ikarudi kukaa juu yangu mimi, na mpaka leo haijaondoka. Ndiyo maana naandika habari za mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa nyumbani kwake. Habari za wazazi wangu na za utoto wangu naziruka. Hawakuniambia niwe nilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nilitaka nafasi ya chuo ng'ambo ya mpaka, Kampala, nafasi ambazo walipewa wachache, na ambazo, kwa jinsi nilivyoelewa mimi, hakuna aliyezipata bila Mzungu wa kumwandikia barua. Mzungu niliyekuwa naye alikuwa Bwana Shamba. Nilikuwa karani katika kitalu chake cha miche ya kahawa pale Bweranyange. Kazi yangu ilikuwa kuandika miche iliyoota na miche iliyokufa, kazi ambayo mbuzi aliyefundishwa kidogo angeiweza. Bwana Shamba alikuwa mtu mrefu mwenye magoti mekundu, na hakuwapenda watu. Alipenda chungu, wale wadudu wa ardhini. Aliwafuga ndani ya vioo viwili vilivyofungwa kwenye fremu ya mbao, katikati akaacha nafasi nyembamba ya kutosha mdudu kupita, na chini akatandaza plasta yenye unyevu. Juu aliweka kitambaa chekundu, maana alisema macho yao hayaoni wekundu, na kwamba ukiwafunika hivyo hudhani wako chini ya ardhi. Kisha aliwapiga picha kwa kamera ya kukunjua iliyofungwa kioo cha kukuzia. Watu wa Rugu, kijiji cha jirani, walisema ana wazimu. Mimi nilisema ana utafiti. Sasa nimesoma vya kutosha kujua kwamba watu wa Rugu hawakuwa mbali na ukweli, na kwamba mimi ningeita utafiti hata kupiga chafya, ilimradi aliyepiga chafya ana muhuri.

Ulipofika wakati wake wa kwenda likizo Ulaya, miezi sita, aliogopa kuwaacha chungu wake na mpishi wake, ambaye alishawahi kuwamwagia mafuta ya taa wenzao akidhani anasafisha. Akawaleta kwangu kwa gari, fremu imelala mapajani mwake kama mtoto mgonjwa. Walikuwa chungu wakubwa weusi wenye matumbo yanayong'aa kama dhahabu, na katikati yao malkia, mkubwa kuliko wote. Akaniachia kamera na kopo la filamu. "Kila Jumapili, saa sita, jua likiwa juu," alisema. "Malkia huyu huyu. Picha moja. Nikirudi nikikuta picha zote zimefuatana, nitaandika barua ya chuo. Nisipozikuta, nitajua wewe ni mtu wa kuanza tu." Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kuagiza mbolea. Usiku ule na nyingi zilizofuata nililala nikilipima neno lake, "mtu wa kuanza tu." Je, alikuwa ameshaona kitu ndani yangu? Kama hakuona, kwa nini alichagua maneno hayo? Nilikuwa na kipaji, na bado ninacho, cha kulichukua neno moja la mpumbavu na kuligeuza pande zote mpaka lifanane na hukumu.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Ma Yustina, mjane aliyelima ndizi na kahawa, Mlutheri wa kweli, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Nyumba yake ilitandikwa nyasi sakafuni, kama nyumba zetu zote wakati ule, nyasi laini za bondeni, zikichakaa zinaondolewa na kutandikwa nyingine. Mimi nilizidharau nyasi zile. Shuleni tulikuwa na sakafu ya saruji, na nilikuwa nimeamua kwamba ustaarabu ni saruji. Chumbani kwangu kulikuwa na kitanda cha miti, dirisha moja dogo, na meza. Miguu minne ya meza niliisimamisha ndani ya makopo manne ya samli yaliyojaa maji, ili wadudu wa nje wasipande kuwala wadudu wa ndani. Ma Yustina alinishauri nizungushie majivu. Nikamweleza, kwa upole ule wa dharau ambao vijana waliosoma hudhani hauonekani, kwamba majivu hutimua vumbi na vumbi huharibu lenzi. "Haya, mwana wange," alisema. "Wewe ndiye mwenye jicho la serikali."

Alikuja kuwatazama kila jioni, akiwa amemaliza kumenya ndizi, mikono yake bado myeusi kwa utomvu. Mwanzoni aliniuliza, "Hawa wamekosa nini mpaka wafungwe?" Nikacheka peke yangu. Siku nyingine akasema, "Mama yao halishwi kwa mkono. Wanamtapikia mdomoni, kama kikongwe asiye na meno." Nikamwambia jambo hilo linajulikana kwa wataalamu. "Wanajulishwa na nani?" akauliza. Nikaanza kufuta lenzi. Ni yeye aliyeona kwamba mvua ikikaribia walihamisha mayai kwenda upande wa juu wa plasta, siku nzima kabla ya wingu la kwanza. Ni yeye pia aliyeweka kidole karibu na kioo jioni moja na kusema, "Kipapasio chake cha kushoto kimekatika nusu. Amezaliwa hivyo au amepigana?" Mimi nilikuwa nimeshampiga picha nne malkia yule na sikuwa nimeona. Nikamjibu, "Najua." Kisha nikampelekea Bwana Shamba barua ndefu Ulaya, nikaeleza ugunduzi wa kipapasio kuwa wangu. Hakujibu.

Picha zenyewe zilinitesa. Ilinibidi nifunue kitambaa, nielekeze kioo kidogo cha kunyolea ili kirushe jua kwenye fremu, na nipige kabla chungu hawajatawanyika kwa hofu. Filamu ikiisha niliipa lori iende Bukoba kwa fundi wa picha, na zilirudi baada ya majuma mengi, baadhi nyeusi tupu, kwa hiyo kila Jumapili nilipiga bila kujua kama nilichopiga juma lililopita kilikuwapo. Nilianza kupiga tatu, nne, tano, badala ya moja. Nilikula ndizi na maharage ya Ma Yustina bila kujua ninakula nini. Yeye alisukuma sahani mbele yangu na kusema, "Kula. Wao wameshakula, umebaki wewe."

Kijijini yalisemwa mengi. Nilisikia kupitia ukuta, majirani wawili wakitafuna buni za kahawa uani kwa Ma Yustina. "Serikali inafuga siafu," mmoja alisema. "Wataachiwa mashambani ili kahawa ife, tukalime barabara."

"Si siafu, ni chungu."

"Chungu wa serikali wana tofauti gani na siafu?"

Nilitoka nje kwa hasira nikawasomea hotuba. Walinisikiliza hadi mwisho, kisha yule wa kwanza akasema, "Basi kama hawana madhara, kwa nini unawalinda hivyo?" Nikarudi ndani. Ndivyo uvumi ulivyomfikia mkungu, mkuu wa kijiji, mzee aliyeitwa Ta Byabato, ambaye alituma neno kwamba Jumapili baada ya ibada atakuja kuwaona wadudu hao kwa macho yake, maana yeye ndiye atakayeulizwa na wakubwa wake.

Hapa ndipo ninapojidharau kwa mara ya kwanza katika habari hii, na si ya mwisho. Mimi niliyedharau nyasi, niliogopa kumpokea mkungu kwenye nyasi zilizochakaa. Jumamosi nilikwenda bondeni mwenyewe, nikakata mzigo, nikatandika chumba chote, nene, kama nyumba ya arusi. Na yale makopo ya samli, yaliyokuwa yameota kutu, niliona aibu yaonekane. Nikayafunika. Nikasukumia nyasi juu yake na kuzunguka miguu ya meza mpaka makopo yakapotea kabisa, na meza ikaonekana kana kwamba inaota kutoka sakafuni. Ma Yustina alisimama mlangoni akatazama. "Nyasi za mgeni hutandikwa hadi karibu na miguu, haziifuniki," alisema. Nikamwambia kwamba ni chumba changu.

Ta Byabato alikuja, akapewa kahawa ya kutafuna na mramba, maji matamu ya ndizi mbivu, maana nyumbani kwa Ma Yustina rubisi, pombe ya ndizi, haikuingia. Alitazama kupitia kioo kwa dakika nzima. "Ndio hawa tu?" alisema, na nikaona amevunjika moyo. Aliuliza kama wanalipa kodi ya kichwa, watu wakacheka, akaaga. Mvua ilikuwa inaanza. Tulikuwa bado uani chini ya upenu, mimi nikieleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza, kuku walipoanza kulia. Ma Yustina aligeuka. Siafu walikuwa wanapanda ukuta kutoka migombani kama kamba nyeusi, mvua imewatoa ardhini, na kamba ile ilikuwa imeshaingia dirishani kwangu.

Kwa watu wetu, siafu wakiingia nyumbani hawafukuzwi. Unatoa watoto, unafungua banda la kuku, unafungua kamba ya mbuzi, unaacha milango wazi, na unakaa nje. Wanaingia kila ufa, wanakula kunguni, mende, viroboto, panya na wana wao, na wakimaliza wanaondoka wenyewe, na nyumba inabaki safi kuliko ingeweza kufagiliwa na mtu. Ukiwachoma moto wakiwa ndani watatawanyika, na utakaa nao juma zima. Ma Yustina alikwenda kwanza kwa mbuzi. Nilimpigia kelele alete majivu, alete moto, alete mafuta ya taa. "Waache!" alisema bila kugeuka. "Nyumba si ya kwako wala si ya kwangu sasa." Nikakimbia ndani. Nyasi zote zilikuwa zinatembea. Kila jani nililoliegemeza kwenye mguu wa meza lilikuwa daraja, na juu ya maji ya makopo manne walikuwa wanapita kama watu wa mnada. Nilifika nusu ya chumba. Walikuwa wameshanipanda hadi kiunoni, na nikatoka nje nikiruka na kuvua suruali mbele ya mjane na majirani wawili, ambao, nakiri, walijitahidi kutocheka.

Tulirudi ndani jua linapotua. Vioo vilikuwa safi kabisa. Siafu walikuwa wameingia kwa tundu la hewa la fremu, hawakuacha hata mguu. Yai hakuna. Malkia hakuna. Nilikuwa na picha za majuma kumi na moja, na yalikuwa yamebaki kumi na matatu. Nilikaa kitandani nikaanza kupanga maisha yangu yote ya kuandika miche iliyokufa.

Siku tatu sikula. Siku ya nne Ma Yustina aliingia na jembe begani. "Vaa viatu," alisema. Alinipeleka juu ya kilima nyuma ya shamba lake, kwenye mti uliokauka, akapiga gogo kwa mpini, akatega sikio kama daktari, akahamia upande mwingine, akapiga tena. "Wako hapa. Ni wale wale wenye matumbo ya shaba." Alichimba kwa saa nzima. Mimi nilishika chupa. Malkia alipotoka, Ma Yustina alimsukumia ndani kwa jani la mgomba, bila kumgusa, akafuatisha na watumishi wake na mayai yao. Kisha akaiinua chupa juani, akamtazama. "Huyu vipapasio vyote viwili ni vizima," alisema. Nikasema nimeona. Safari hii nilikuwa nimeona kweli.

Nilinunua wembe. Nilikaa mbele ya vioo nikifikiri jinsi ya kumkata malkia mpya nusu ya kipapasio cha kushoto. Nilifikiri nitamuua. Nilifikiri mkato utaonekana mpya. Nilifikiri pia, kwa dakika moja hivi, kwamba ningeweza kumwandikia Bwana Shamba ukweli, na nikaliacha wazo hilo haraka kuliko yote. Ma Yustina alinikuta na wembe mkononi. Mwanamke huyu hakujua kusema uongo, hata ule wa adabu; mchungaji alipomuuliza mbele ya watu kama mahubiri yalimgusa, alijibu, "Yalikuwa marefu." Nilimwogopa kwa hilo. Aliutazama wembe, akanitazama mimi. "Unataka kumfanya kilema ili afanane nawe?" alisema, akatoka. Sikumkata. Nasikia hamu ya kuandika hapa kwamba nilimwonea huruma mdudu. Niliogopa tu kumuua na kubaki bila malkia, basi.

Bwana Shamba alirudi amenenepa. Alikaa kwenye kiti cha Ma Yustina, magoti yake yamekaribia kidevu, akapanga picha mezani moja baada ya nyingine, akatoa kioo cha kukuzia. Ma Yustina aliketi kwenye nyasi karibu na mlango, miguu ameikunja pembeni, kama wanawake wanavyoketi mbele ya mgeni. Bwana Shamba alifika picha ya kumi na moja. Akafika ya kumi na mbili. Akarudi ya kumi na moja. Kioo kilibaki pale pale kwa muda mrefu. "Uliniandikia habari za kipapasio," alisema bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, Bwana."

"Hapa sikioni vizuri. Mwanga mbaya." Akaweka kioo mezani. Kisha, labda kwa sababu hakutaka kuniuliza mimi swali ambalo lingemlazimu kuamini au kutoamini, aligeuka kuelekea mlangoni. "Mama. Wewe ulikuwa hapa siku zote. Hawa ni chungu wale wale nilioacha?"

Nilimtazama Ma Yustina. Yeye hakunitazama. Alikuwa anafuta utomvu wa ndizi vidoleni kwa jani la nyasi, kidole kimoja kimoja, na nilijua kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuulizwa jambo akasema lingine. Aliyegundua kipapasio alikuwa yeye, na aliyepiga gogo na kutega sikio alikuwa yeye. Hakuna mtu, si Bwana Shamba, si mimi, si wataalamu wote wa Ulaya, aliyewajua chungu wale kama yeye.

"Mimi mtu wa shamba, Bwana," alisema. "Sijui chungu. Kwangu wote ni weusi. Mwenye kujua ni huyu kijana."

Bwana Shamba alicheka. Alicheka kwa furaha ya kweli, mtu aliyeondolewa mzigo. "Unaona?" aliniambia. "Wanaishi juu yao tangu kuzaliwa, na hawajawahi kuwatazama. Ndiyo tofauti." Na mimi nikacheka. Sikutabasamu kwa adabu; nilicheka kwa sauti, nimeinua kidevu, mtu mmoja aliyesoma na mwenzake, huku nikimtazama mwanamke aliyeketi chini. Nimejaribu miaka hii kukigeuza kicheko kile pande zote, kama nigeuzavyo kila kitu, nikisema kilikuwa hofu, kilikuwa nafuu, kilikuwa njia ya kuilinda kauli yake isitiliwe shaka. Kilikuwa kicheko. Nilifurahi. Kwa muda ule niliamini kwamba hajui.

Barua iliandikwa pale pale, kwenye meza ile. Ilisema mimi ni kijana mwenye jicho makini na uaminifu usio wa kawaida. Chuo kikanichukua.

Asubuhi iliyofuata nilitoka chumbani. Ma Yustina alikuwa anafagia ua. Miezi yote ile aliniita mwana wange, na ni mimi niliyemwamkia kila siku, kama inavyopasa mtoto. Aliponiona aliweka ufagio chini. Akapiga magoti kidogo, mikono pamoja, jinsi walivyopiga magoti kwa machifu na kwa Wazungu. Usoni hakukuwa na hasira wala mzaha.

"Shikamoo, Bwana," alisema.

Kulikuwa na mambo mengi ya kusema. Niliyafikiria yote, moja moja, nimesimama mlangoni, na yeye akisubiri, magoti yamekunjwa. Kisha nikaitikia.

"Marahaba."